Masika ya Toleo la Kwanza

2 Machi. Jua kali.

Leo tumeanzisha jarida, na nasema hivyo bila kutia chumvi. Tulikuwa wawili ndani ya hebaria, kile chumba cha makabati ya mimea iliyokaushwa ambacho harufu ya dawa ya nondo imeingia hadi kwenye chai. Mmoja ni mimi, ninayeyatunza makabati hayo. Wa pili ni mwenzangu wa ghorofa ya juu anayechunguza kuvu. Chuo kizima kinamwita Uyoga na yeye anaitika. Mkuu wa idara alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

"Jarida la mimea, kwa lugha yetu," akasema. "Haya. Na nani atalisoma?"

"Wewe utakuwa wa kwanza. Nitakuletea mwenyewe na nitakaa hapo mpaka umalize."

Akacheka, na mkubwa akishacheka ujue umempata. Ametupa karatasi, ametupa zamu kwenye mashine za chapa za chuo, ametupa na chumba cha nyuma. Sharti lake ni moja: toleo la kwanza liwe mezani siku ya mkutano wa wataalamu wa mimea, mwisho wa Mei. Lisipokuwepo, chumba kinarudi kuwa stoo ya viti vibovu na habari ya jarida isitajwe tena. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

3 Machi.

Jarida litaitwa *Shina*. Uyoga alitaka "Jarida la Sayansi ya Mimea, Kuvu na Viumbe Vinavyofanana Navyo." Nikamwambia msomaji akifika mwisho wa jina hilo, kuvu watakuwa wameshaila karatasi.

6 Machi. Joto.

Uyoga ameandika kanuni za jarida kama mtu anayetarajia kushtakiwa kesho asubuhi. Nyingi nimezikata. Moja imebaki kwa sababu aligoma kuinuka kwenye kiti mpaka niikubali: mmea mpya, ambao wataalamu bado hawajaupa jina, hautachapishwa mpaka mtu wa pili, asiye mwandishi, aende akauone ukiwa hai pale ulipoota.

"Mmea uliokaushwa hauwezi kubisha," anasema.

Kanuni ni ya usumbufu, lakini inasikika vizuri. Nimeitia kwa herufi nzito kwenye tangazo tulilopeleka vyuo vingine, na wakati wa chakula nimejisifia nayo mpaka mume wangu akauliza kama hiyo kanuni inaweza pia kumpitishia chumvi.

11 Machi. Jua.

Mjomba amekuja na bahasha kubwa kwapani. Yeye ndiye aliyekuwa mtunzaji wa hebaria hii kabla yangu, na ndiye aliyenifundisha kukausha jani kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Kwetu ukitaja mimea umemtaja yeye. Amestaafu, lakini bado anaingia humu bila hodi na kunikosoa ninavyopanga chupa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Nasikia unatafuta makala ya kufungulia jarida. Usitafute tena."

Ulikuwa mmea wake. Familia nzima tunaujua kwa masimulizi. Ni mmea wa kutambaa juu ya miti, maua ya manjano yenye koo jekundu, na aliukuta ujanani kwenye bonde lenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Unachanua masika tu, ukiwa hauna hata jani moja. Basi akafanya kama tunavyofanya wote kwa mimea ya namna hiyo: akachuma maua, akafunga waya wa shaba kuwa alama, akarudi kiangazi kuchuma majani palepale penye waya, akavibandika vyote kwenye karatasi moja. Alikuwa anangoja kupata tunda ndipo auchapishe. Kisha mkaza mjomba akaugua, akafariki, na bahasha ikapanda juu ya kabati.

Sasa ameishusha, na mmea ameupa jina la mkewe. Limeandikwa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza kwa ile namna ya Kilatini tunayoandikia majina ya mimea. Nilipolisoma kwa sauti, Mjomba alienda dirishani akajifanya anatazama magari.

Alipoondoka nililia kidogo. Halafu nikapanda ngazi mbilimbili kwenda kumwambia Uyoga kwamba toleo la kwanza la *Shina* lina mmea mpya, na wenye majarida makongwe wakae mkao wa kula.

13 Machi.

Pamoja na makala kuna picha aliyoichora mkaza mjomba. Alikuwa mchoraji wa hebaria hii maisha yake yote na mkono wake hauna mfano. Lakini hii hakuimaliza. Tawi la maua liko kushoto, tawi la majani liko kulia, na katikati karatasi ni tupu. Mama Chapa, msimamizi wa mashine, aliitazama akauliza, "Hawa wamegombana?"

Kwa jalada haifai hivyo. Nimempa mchoraji wa idara aviunganishe, kwenye nakala bila shaka, mimi si mwendawazimu. Mistari michache tu. Imetoka safi, mtu angedhani ni mkono uleule.

17 Machi. Jua bado.

Nimekorofishana na Uyoga. Amesoma makala ya Mjomba mara mbili, akaisifu, kisha akauliza kwa ile sauti yake ya upole inayonitia wazimu, "Nani mwingine ameuona?"

"Uyoga, huyu mzee amewafundisha waliokufundisha wewe."

"Najua. Ndiyo maana nauliza kwa adabu."

"Basi umeshauliza."

"Kanuni umeitangaza wewe, dada. Kwa herufi nzito."

Nikanuna hadi jioni. Sijui kwa nini nilimchukua mtu wa kuvu kufanya naye kazi; wanazoea kutafuta kilichooza. Lakini kusema kweli hana kosa, na nimepiga simu kwa Mjomba kumweleza. Alicheka. "Nendeni mkausalimie. Mti mkubwa peke yake, chini ya ukuta wa machimbo. Waya wangu utauona." Tutakwenda mvua zikianza na maua yakitoka.

25 Machi.

Mawingu asubuhi, jua mchana. Hakuna mvua.

31 Machi.

Mawingu. Hakuna.

4 Aprili.

Hakuna. Mama Chapa ameshapanga kurasa zote za ndani, na kurasa sita za mbele zinamngoja Mjomba. Kila nikipita anatazama juu kwenye dari kana kwamba mvua naiweka mimi.

8 Aprili. Mvua!

Imeanza alfajiri kwa kishindo. Nimetoka nje na nguo za kulalia kuipokea, jirani akaniona, shauri lake.

15 Aprili.

Mvua. Barabara ya machimbo imekatika.

19 Aprili.

Mvua. Uyoga ameazima buti za shemeji yake. Zinampwaya kama ndoo.

21 Aprili. Mvua mpaka adhuhuri.

Sitaki kuandika leo, kwa hiyo lazima niandike.

Gari lilituacha kwenye daraja na tukatembea kwenye tope. Mti tuliuona kwa mbali: umesimama peke yake chini ya ukuta wa mawe, na juu yake maua ya manjano yamejaa, kila ua na koo lake jekundu, jani hakuna. Nilipiga kelele. Nikamkumbatia Uyoga, miwani yake ikaanguka kwenye tope, na sikujali. Waya wa shaba ulikuwepo vilevile, gome limeumeza nusu. Nikamwambia, "Umeuona? Umeridhika? Turudi tukanywe chai."

Uyoga alifuta miwani kwa shati. Akautazama waya.

"Waya umefungwa kwenye mti," akasema.

"Ndiyo. Sasa ulitaka aufunge kwenye jiwe?"

"Kwenye mmea."

Mwanzoni sikumwelewa. Mjomba alifunga waya kuuzunguka mti wenyewe, huu mti mnene unaopandiwa. Hakuufunga kwenye shina la ule mmea unaoupanda. Nikakaribia, nikashika tawi lenye ua, nikaanza kulifuata kwa mkono kwenda chini. Yale mashina yamesokotana kuuzunguka mti kama nywele zilizosukwa, na gome lake ni la rangi moja. Nikafuata mpaka chini kwenye mzizi. Nikapanda tena, nikashika shina la pili lililolala juu yake. Hilo halikuishia kwenye maua. Liliishia kwenye vijani vichanga vinavyochomoza, na vilikuwa vile vya kwenye karatasi ya Mjomba. Kwenye ncha ya shina la maua nako kulikuwa na vijani vinaanza kutoka, na vilikuwa vingine kabisa.

Ni mimea miwili. Huu wa maua hupata majani yake baadaye, mvua zikipungua, na huyapukutisha mapema. Mjomba aliporudi kiangazi ulikuwa mtupu, akachuma majani ya mmea jirani uliopanda mti uleule. Majani hayo yakampeleka kwenye ukoo wa mimea usio wenyewe, na ndiyo maana hakuyatambua maua. Nikiyaona hapa na majani yake halisi, nayajua. Na ule wa pili naujua pia. Yote miwili ina majina tangu zamani, na vielelezo vyake viko kwenye makabati yangu mwenyewe.

Nilifuata tena kutoka juu. Nikafuata mara ya tatu. Uyoga aliushikilia mwavuli juu yangu, yeye mwenyewe akaloa chapachapa. Nilipokaa kwenye jiwe, akasema tu, "Pole sana." Nilitamani aseme "nilikwambia," nipate mtu wa kumkasirikia.

23 Aprili. Manyunyu.

Nimekwenda kwa Mjomba. Nilimweleza moja kwa moja, maana nikianza kuzunguka sifiki. Alisikiliza mikono yake ikiwa juu ya magoti.

"Mmeshika shina lisilo lenyewe."

"Nimeshika yote mawili, Mjomba. Mara tatu."

"Umekaa kwenye kiti changu, sasa unanipima nacho?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha kupima."

Akasimama. Sijawahi kumwona vile. "Unajua unamfuta nani?"

Nikasema najua. Akafungua mlango na kusubiri nitoke. Nimetembea hadi nyumbani kwenye mvua kwa sababu sikutaka watu wa kwenye gari wauone uso wangu.

24 Aprili.

Mama amepiga simu. Hakunisalimia. "Umemfanya nini kaka yangu?"

Nikamweleza yote, waya, mashina, majani. Akasikiliza, kisha akasema, "Mimea siijui. Kaka yangu namjua. Hajala tangu juzi." Akakata.

27 Aprili. Mvua.

Mkuu ameniita ofisini. Habari zimemfikia, zingeachaje, na Mama Chapa ana kurasa sita tupu na mdomo mkubwa. Alifunga mlango, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Chapisha tu," akasema. "Nani atakwenda kwenye machimbo na tope lile? Mzee afurahi, jarida litoke. Mwakani mtaandika masahihisho kidogo pale nyuma."

Nakiri kwamba kwa muda wa kumeza mate mara moja lilisikika kama wazo zuri. Nilimwona Mjomba ameshika jarida, analisoma lile jina. Kisha nikafikiria kijana wa mahali nisipopajua atakayekuja kulisoma *Shina* na kuliamini kwa sababu limechapishwa. Uongo wa ukurasa wa kwanza tungeubeba kila toleo.

"Hapana, Mkuu."

"Huna makala nyingine ya kufungulia."

"Nitatafuta."

"Huna muda."

"Ninao mwezi mzima. Jarida lenyewe tulilianzisha kwa asubuhi moja."

"Kiburi hicho," akasema, "usikipoteze." Sijui alinisifu au alinitukana. Nimeamua kwamba alinisifu.

2 Mei.

Mvua. Mjomba hapokei simu.

5 Mei.

Mvua. Uyoga amejitolea kuandika kurasa sita za kuvu wanaokula vitabu. Nimemshukuru kwa moyo wote na nimemwomba aziandike kweli. Zamani ningefanya mzaha. Mtu aliyeshika mwavuli vile, akaloa badala yangu, anastahili kuheshimiwa hata na kuvu wake.

8 Mei.

Bado hapokei. Nimemwachia ndizi mlangoni, mtoto wa jirani amezila.

12 Mei. Mvua nyepesi, baadaye jua.

Alfajiri nimefungua mlango kumwaga maji nikamkuta Mjomba amesimama nje, ana buti na koti lake la kazi la zamani, lile lenye mifuko kila mahali.

"Twende," akasema. Wala hakuitika shikamoo.

Pale darajani nikataka kumshika mkono, akaukwepa. Tulipofika chini ya mti, maua mengi yalikuwa yameshaanguka na ardhi imekuwa ya manjano. Akauangalia waya wake. Akaugusa. Kisha akavua miwani, akafumba macho, akashika tawi na kulifuata kwa vidole kwenda chini, polepole, akipiga goti kwenye tope, mpaka kwenye mzizi. Akainuka na kuanza na la pili. Sikumshikia mwavuli. Niliona asingependa.

Alipomaliza alikaa kwenye lile jiwe nililokalia mimi.

"Mawili," akasema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Na yeye alijua."

Sikuelewa ni nani. Akafuta mikono kwenye koti. "Mkaza mjomba wako. Maua niliyachuma masika, akayachora. Majani nikaleta kiangazi, akayachora. Nikamwambia, sasa unganisha. Akakataa. Akasema, 'Sijayaona yameungana, nitayachoraje yameungana?' Nikamwambia mimi ndiye mtaalamu. Akasema, basi chora mwenyewe. Tulimaliza wiki nzima hatusemeshani, tunapitishiana vikombe tu. Mimi nikasema ni ukaidi."

Ile picha niliyosema haikumalizwa ilikuwa imemalizwa siku nyingi. Na jalada langu lilikuwa kwa Mama Chapa, tayari, na matawi mawili yameunganishwa kwa amri yangu.

Nilimwambia palepale. Kama ningengoja tungefika darajani, ningepata sababu nzuri ya kunyamaza.

"Umeiunganisha? Wewe?"

"Mchoraji wa idara. Mimi ndiye niliyemtuma."

Akanitazama, mvua inamtiririka puani. Kisha Mjomba akaanza kucheka. Alicheka akishika mbavu, akacheka mpaka ikawa si kicheko tena, akalia kwa sauti, nami nikakaa karibu naye kwenye jiwe nikalia pia. "Angetusema," alikuwa akirudia. "Angetusema sisi wawili! Ee, angetusema mpaka tukome."

Wakati wa kurudi alinishika mkono mwenyewe pale darajani.

14 Mei.

Jua. Mjomba amekuja, amenikosoa chupa.

19 Mei. Jua, mvua kidogo jioni.

Ameleta kurasa zake sita zilizoandikwa upya. Kichwa cha habari: "Jinsi Nilivyoifanya Mimea Miwili Kuwa Mmoja." Ameeleza kila kitu bila kujihurumia na bila kujitukana: waya aliufunga wapi na ungefungwa wapi, kiangazi alichuma nini, alipaswa kufuata nini kwa mkono. Imeandikwa vizuri kiasi kwamba Uyoga, aliyekuwa ameshafika ukurasa wa nne wa kuvu wake, aliziweka zake kwenye droo mwenyewe kwa toleo la pili.

Nilimuuliza kuhusu lile jina. Pale juu ya ukurasa wa kwanza halikuwepo tena.

"Mmea haupo, jina nitalitundika wapi?" akasema. "Tazama picha. Pale chini aliliandika mwenyewe."

Nimeshuka mbio kwa Mama Chapa kusimamisha jalada na kurudisha picha kama mkaza mjomba alivyoiacha. Amenipigia kelele nusu saa. Nimezipokea zote.

24 Mei.

Prufu, zile kurasa za kusahihishia kabla ya kuchapa. Macho yananiuma. Kosa moja tu, la nukta.

28 Mei. Jua. Mvua nadhani zimekwisha.

*Shina* lilikuwa mezani kabla ya wajumbe kuingia. Nililiweka kwa mikono yangu, kila kiti na nakala yake, na ya Mkuu nikampelekea mwenyewe nikakaa mbele yake kama nilivyoahidi. Alipofika ukurasa wa sita alivua miwani. "Wewe," akasema, kisha akaendelea kusoma. Chumba cha nyuma kimekuwa chetu. Ameniambia nitafute mtu wa kuviondoa viti.

Mjomba alisimama mbele ya ukumbi akasoma makala yake. Akafika kwenye waya. Mtunzaji wa hebaria ya chuo kingine, bwana mwenye mvi na tai ya gharama, akanyoosha mkono nusu.

"Samahani, mzee. Huo waya, ulisema usifungwe kwenye mti?"

"Kwenye mmea wenyewe. Wewe unafunga wapi?"

Yule bwana akaanza kuilegeza tai yake. Nikawaona watu safu nzima wanatazama viatu vyao, kila mmoja anatembea kichwani kwake kurudi kwenye bonde fulani na mti fulani. Kabla ya chai watatu walikuwa wameshamfuata Uyoga kuuliza kama *Shina* litapokea makala za namna hiyo. Akawajibu litapokea, mtu wa pili akishauona mmea. Alisema kwa adabu sana.

Ukumbi ulipobaki mtupu nilimkuta Mjomba ameketi safu ya mwisho. Hakuwa amefungua jarida. Alikuwa analitazama jalada: tawi la maua kushoto, tawi la majani kulia, na chini kabisa, jina la mkewe kwa mwandiko wa mkewe mwenyewe. Nikakaa kiti cha pembeni.

Akaweka kidole pale katikati, penye weupe.

"Hapa," akasema, "ndipo tulipogombana."